Mistari Miwili ya Tarehe Ishirini Julai

Kila Jumatano watu wa Orvold, mji wetu mdogo wa ngano, hulifungua gazeti letu kwa nyuma. Mimi, Lorne Petrash, mhariri na mwenye gazeti, nahangaika wiki nzima na ukurasa wa kwanza: bei ya ngano, kikao cha halmashauri, nani kagonga nguzo ya umeme akakimbia. Wao hata hawaugusi. Moja kwa moja ukurasa wa nane, kona ya chini kushoto, kwa Alma. Miaka thelathini na mitano sasa nalimeza hilo, na bado halijashuka vizuri.

Safu yenyewe inaitwa "Siku Kama ya Leo". Ina mambo manne, hayaongezeki wala hayapungui. Matatu ni ya dunia: mfalme fulani kauawa, meli fulani imezama, mtu fulani kavumbua kitu. La nne ni la hapahapa kwetu, na Alma Torvik huliweka chini ya yale matatu kwa herufi zilezile, unene uleule. Utasoma kwamba siku kama ya leo ukuta wa Berlin ulibomolewa, na siku kama ya leo ng'ombe wa Lindqvist alitumbukia kwenye kisima cha kanisa akatolewa mzima. Watu wa hapa wanampenda kwa hilo.

Nilimkuta gazetini nilipolinunua mwaka 1987, kama unavyonunua nyumba ukakuta jiko la chuma ambalo hakuna awezaye kulihamisha. Mrefu, mkavu, sweta la kijivu hata kwenye joto la Julai, miwani shingoni kwa kamba. Jumatatu asubuhi anaingia, hasalimii mtu mpaka anywe kahawa, kisha anajifungia chumba cha nyuma kwenye majuzuu. Kila mwaka wa gazeti umeshonwa juzuu moja kubwa, tangu 1911. Hapo ndipo analichimba jambo la nne.

Na ana sheria yake. Jambo la nne lazima liwe lilichapwa ndani ya gazeti letu wakati lilipotokea. Uwe ulikuwepo, uwe na picha, uwe na kovu: kama halimo kwenye juzuu, haliingii. Mzee Gus Lindqvist aligombana naye miaka kumi kuhusu baba yake kumuua dubu kwa sepetu.

"Juzuu linasemaje, Gus?"

"Juzuu halikuwepo, Alma! Mimi ndiye niliyekuwepo! Damu ilinirukia hapa, hapa!"

"Basi pole sana."

Gus alikufa bila dubu wake kuingia. Nilidhani Alma ataona haya amwingize walau kwenye wiki ya mazishi. Wapi!

Halafu kuna mambo ya Jumatano. Gazeti letu linatoka mara moja kwa wiki, kwa hiyo "siku kama ya leo" ni tarehe ya Jumatano hiyo, basi. Tarehe yako ikiangukia Jumanne, imekula kwako. Subiri miaka mitano, au sita, au pengine kumi na mmoja. Watu huja ofisini kumuuliza, Bi Alma, siku tuliyofungua ukumbi wa kuteleza kwenye barafu itafika lini Jumatano? Naye anajibu hapohapo bila kutazama kalenda. Kalenda nzima anayo kichwani, ya mbele na ya nyuma.

Nawaeleza haya yote kwa sababu ya tarehe moja, ishirini Julai.

Tarehe hiyo dunia imejaliwa mambo. Binadamu alitua mwezini, mwaka 1969. Chombo kilitua Mirihi. Kule Ujerumani walijaribu kumlipua dikteta wao wakamkosa. Na Bruce Lee alifariki, jambo ambalo mji wetu, sijui kwa nini, ulilichukulia kama msiba wa familia. Mwaka Alma alipolitia kwenye safu, Gus alipiga simu kumlaumu kwamba kamuua yule kijana mara ya pili. Kwa hiyo mambo matatu hayakuwa tabu. Ni la nne lililonishangaza. Julai ishirini ya 1988 alituwekea mvua ya mawe iliyoharibu shayiri. Ya 1994, achari ya matango iliyoshinda maonyeshoni. Ya 2005, mbwa kapotea kapatikana. Mambo ya kijinga kabisa, kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kupata ng'ombe kisimani kila wiki.

Halafu mwaka 2005 nikapanda ngazi kutafuta kitu kwenye rafu, nikaona majuzuu yote migongo yamechanika na kuungwa kwa utepe wa gundi, kasoro moja. Juzuu la 1969 lilikuwa jipya kama limetoka kwa mshonaji. Mwanamke huyu alikuwa akiishi ndani ya majuzuu yale kwa miaka zaidi ya thelathini, na moja hakuwahi kulifungua.

Sikuuliza. Mimi ni mropokaji, muulize mke wangu, lakini kuna uso Alma akikuwekea maneno yanarudi tumboni.

Ikaja Jumatatu ya tarehe kumi na nane Julai, 2022. Aliingia saa tatu, akanywa kahawa yake, lakini badala ya kwenda nyuma akaja kukaa mbele ya meza yangu. Nikajua kuna jambo. Mara ya mwisho kukaa hapo ilikuwa alipofariki mchapaji wetu.

"Nilikuwa kwa daktari Ijumaa," akasema. "Moyo umechoka, kasema."

"Hata wangu umechoka."

"Wako umenenepa, Lorne. Wangu umechoka."

Akafungua mkoba, akatoa leso ya kiume iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya madini ya risasi, vyembamba, virefu kama kidole cha shahada, vimekuwa vyeusi kwa ukongwe. Nilivijua. Zamani, kabla ya kompyuta, mpanga herufi alikaa kwenye mashine kubwa kama kinanda cha kanisani, anapiga herufi, mashine inayeyusha risasi na kumtolea mstari mzima, maneno yametazama kinyume. Alma ndiye aliyekuwa kwenye mashine ile tangu ana miaka kumi na minane.

"Nakuomba uniwekee hivi," akasema. "Nikifa wasije wakavitupa na vijiko."

Mimi kusoma kinyume sijui. Nikavuta pedi ya wino wa mihuri, nikagandamiza kile cha kwanza, nikakipiga kwenye karatasi, kisha cha pili chini yake. Alma akageuza uso dirishani.

Karatasi ikasema: "Inga Torvik aliondoka Jumapili kwenda kuishi Vancouver. Marafiki wamwandikie: Mtaa wa Pendergast, namba 1146, ghorofani."

Kila mtu Orvold alijua kwamba Alma aliwahi kuwa na mdogo wake. Walimjua kwa namna moja tu: yule msichana aliyetoroka siku ya mwezini. Mchana ule wa Jumapili mji mzima ulikuwa umejazana kwenye nyumba sita zenye televisheni, barabara tupu, hata mbwa hakuna. Basi la saa nane lilisimama mbele ya hoteli, msichana wa miaka ishirini akapanda, na hakuna jicho lililomwona. Hakuaga hata rafiki yake wa damu. Hivyo ndivyo tulivyohadithiwa, na Inga akabaki mfano wa mtu asiye na shukrani. Mama akimkanya binti yake anasema, usiniondokee kama Inga.

"Hakuondoka kimya," Alma akasema, bado anatazama dirisha. "Jumatatu asubuhi nilikuta bahasha chini ya mlango wa ofisi. Ilikuwa na haya maneno, ya safu ya safari."

Na hapo niwakumbushe wasiokuwepo: enzi hizo gazeti lilikuwa na safu ya nani kaenda wapi. Ukienda Saskatoon kung'oa jino, inachapwa. Shangazi akija na mabegi mawili, inachapwa. Mtu wa Orvold alikuwa hajaondoka mpaka gazeti liseme kaondoka, na hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu. Nani angezunguka nyumba hamsini kupeana mikono? Ulipeleka mstari wako, mji ukasoma, ukakuandikia.

"Na kulikuwa na kikaratasi changu mimi," Alma akaendelea. "Kilisema: Alma, chapa huu. Anayenitaka ataniandikia. Asiyenitaka, sitamsumbua."

Nikafuta wino vidoleni.

"Nilikuwa naondoka mimi, Lorne. Tarehe mosi Agosti. Gazeti kubwa la Winnipeg lilikuwa limenipa kazi, nimeshanunua sanduku, la kijani, lina kufuli mbili. Baba alikuwa hajiwezi tena, na tulikubaliana Inga atabaki naye shambani, mimi zamu yangu imekwisha. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimempikia yule mzee. Inga akasema sawa, nenda. Kumbe ana lake. Jumapili ile nimekaa kwa jirani na Baba, wanashangilia mwezi, mimi nawaza mapazia ya chumba changu cha Winnipeg. Narudi nyumbani, Inga hayupo. Na sanduku langu hamna."

"Alichukua sanduku?"

"Alichukua sanduku langu!" Na baada ya miaka hamsini na mitatu sauti yake ilipanda kama ya mtoto aliyenyang'anywa. "Jumatatu nikaketi kwenye mashine, nikapiga mistari yake miwili, kwa sababu kazi ni kazi. Ikaingia kwenye ukurasa. Jumanne jioni, wamebakiza kufunga ukurasa, nikaitoa kwa vidole. Nikaweka vipande vitupu mahali pake. Nikasema, aone sasa na yeye, akae kule na asubiri."

"Na hukumwandikia."

"Nilikuwa na hasira."

"Kwa muda gani?"

"Miaka minane." Akakunja leso, akaikunjua. "Mwaka 1977 Julai ishirini iliangukia Jumatano mara ya kwanza tangu nianze safu. Nikaandika mwezi, mwanadamu, hatua, sijui nini, na mkono ukakataa kuendelea. Nikawaambia watu naenda Saskatoon kwa daktari wa meno. Nikaenda Vancouver, siku mbili kwenye basi. Mtaa wa Pendergast nikaupata. Namba 1146 ni jengo la ghorofa kumi na mbili, la vioo. Nyumba walishabomoa. Nikasimama pale kwenye mvua, nikala samaki wa kukaanga, nikarudi. Mtu akaniuliza meno yanaendeleaje, nikasema hayaumi tena."

Mimi nilimtafuta Inga baadaye kwenye mtandao, msidhani nilikaa tu. Akina Inga Torvik wamejaa Norway, mmoja anauza viatu. Lakini binti wa 1969 akishaolewa akabadili jina, utampatia wapi?

Asubuhi ile nilitazama kalenda ukutani. "Keshokutwa ni ishirini," nikasema.

"Najua keshokutwa ni ngapi."

"Nyingine ya Jumatano ni lini?"

"Elfu mbili thelathini na tatu. Nitakuwa na miaka tisini na minne, usinipigie hesabu, mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi tunachapa keshokutwa. La nne. Hivihivi lilivyo."

Akanitazama kama nimemtukana mamake. "Haiwezekani. Halikuchapwa. Halimo kwenye juzuu."

"Bi Alma, wewe ndiye uliyelitoa kwenye juzuu!"

"Ndiyo, na halimo. Gus nilimkatalia dubu wake miaka kumi. Nitamwambia nini?"

"Gus kafa!"

"Ndiyo maana siwezi kumwomba radhi."

Mnaona mtu huyo? Amekuja na moyo uliochoka na risasi kwenye leso, Inga yuko kooni mwake tangu mtu atue mwezini, na bado ananiletea sheria. Nilikasirika, nakiri. Nilitoka pale na ngazi, nikaenda nyuma, nikalishusha juzuu la 1969, nikalibwaga mezani mbele yake vumbi likaruka. Akasimama, akasema Lorne usifungue, Lorne nakuomba. Nikafungua. Julai ishirini na tatu, ukurasa wa nne, safu ya safari. Familia ya akina Wasylyk wamekwenda ziwani. Bibi Hansen kapokea wajukuu. Chini ya Bibi Hansen kuna weupe. Upana wa mistari miwili kamili, halafu orodha inaendelea kana kwamba hakuna kitu.

Nikachukua karatasi yangu ya wino wa mihuri, nikaikata, nikaiweka pale. Ikaingia kama kitasa mlangoni.

"Nafasi yake imo," nikasema. "Sheria yako haijasema lazima iwe imejaa."

Akaweka kidole kwenye ule weupe. Sijawahi kumwona Alma akilia, na siku ile pia hakulia kwa sauti; alikaa tu na kidole pale mpaka kahawa yangu ikapoa kabisa. Kisha akavaa miwani.

"Mambo matatu ya dunia nitayaandika mafupi," akasema. "La nne linahitaji nafasi."

Likatoka Jumatano. Mwezi, Mirihi, Bruce Lee, na chini yao: "1969. Inga Torvik aliondoka Orvold kwenda kuishi Vancouver. Aliuaga mji kupitia gazeti hili, lakini maneno yake yaliondolewa na dada yake, Alma, kabla ya kuchapwa. Yalikuwa haya." Na ile mistari miwili, na anwani yake. Alma aliandika mwenyewe. Mimi sikugusa hata mkato.

Saa nne asubuhi mlango wa ofisi uligongwa ukutani. Alikuwa Marge Wasylyk, mwenye mgahawa, aproni bado kiunoni, gazeti mkononi limekunjwa kama la kuulia nzi. Marge ndiye yule rafiki wa damu asiyeagwa.

"Yuko wapi?"

"Marge, taratibu, moyo wake..."

"Moyo! Ana moyo huyu? Alma! Toka huko kwenye makaratasi yako!"

Alma akatoka, akasimama wima, mikono imeshikana mbele.

"Nilimpikia keki!" Marge akapiga kelele. "Julai ishirini na sita, alikuwa anatimiza ishirini na mmoja, nilipika keki ya ghorofa mbili na sukari ya waridi, nikakaa nayo kibarazani nikidhani atarudi, mpaka nzi wakaimaliza! Miaka hamsini na mitatu namwita yule mtoto mshenzi. Kumbe mshenzi ni wewe!"

"Ni mimi," Alma akasema.

"Mbele ya wanangu nimemtukana! Mbele ya wajukuu!"

"Najua. Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unasikia, na unakula pai yangu!"

"Kila Ijumaa."

Marge akavuta kiti changu, akakaa, akajipepea na gazeti. Mimi nikajifanya natafuta kalamu. Trekta likapita nje, kisha Marge akanyoosha mkono.

"Nipe karatasi, Lorne."

"Marge," Alma akasema polepole, "ile nyumba haipo. Nilikwenda. Walibomoa zamani."

"Nimekuuliza habari za nyumba? Kasema marafiki wamwandikie. Mimi ni rafiki yake. Nampa keki yake leo." Na akaandika palepale, kwa hasira, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza, kurasa mbili mbele na nyuma.

Sikumwambia mtu yeyote, lakini Marge ana mgahawa, na mgahawa hauna siri. Mpaka Ijumaa kulikuwa na bahasha sita juu ya kaunta ya ofisi. Mwalimu mstaafu aliyekaa dawati moja na Inga. Mjane wa mchapaji. Bibi Hansen mdogo, ambaye sasa ni mkubwa kuliko alivyokuwa Bibi Hansen. Walter Pankiw, ambaye wakati wa mwezi alikuwa na miaka tisa, alileta barua ya mistari mitatu: kwamba Inga alimfundisha kuogelea, na hakupata kusema asante. Zikafika kumi na moja. Kila mmoja alijua kwamba namba 1146 ni vioo vitupu, Alma alimwambia kila aliyeuliza, na kila mmoja akaandika anwani ileile kwa mwandiko wake bora.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Alma. Aliileta Jumatatu, imefungwa tayari, nyembamba. Mimi ndiye niliyekuwa nazipeleka posta, kwa hiyo nilizipanga moja juu ya nyingine, na nikaona. Zile nyingine zote zina jina la mtumaji kwenye kona, kama tulivyofundishwa shule, Orvold, Saskatchewan, na kila kitu. Ya Alma kona ilikuwa nyeupe.

"Umesahau kuandika inakotoka," nikasema, nikachukua kalamu nimsaidie.

Akaweka mkono juu ya bahasha kwa kasi ambayo sikujua kwamba bado anayo. "Acha."

"Isipomkuta itarudi wapi?"

"Haitarudi."

"Posta wana ofisi yao, Bi Alma. Barua isiyo na mwenyewe huwa wanaifungua waone ndani anwani ya..."

"Ndani nimeandika 'Nyumbani'. Na tarehe." Akaniangalia usoni, na nilimwona msichana wa mashine ya risasi, miaka thelathini, sanduku lake limeondoka. "Mimi nilimrudishia maneno yake mara moja, Lorne. Sitaki kurudishiwa yangu."

Nikazipeleka zote kumi na mbili.

Ya Marge ilirudi kwanza, katikati ya Agosti, na stika ya njano juu yake kwamba anayeandikiwa hajulikani. Akaibandika nyuma ya mashine ya kahawa, wateja waione. Ya mwalimu ikafuata, ya mjane, ya Walter. Wakati wa mavuno zilikuja mbili siku moja. Kufikia theluji ya kwanza kumi na moja zote zilikuwa zimerudi Orvold, na watu hawakusikitika kama nilivyodhani. Walizileta mgahawani, wakasomeana. Mji wote sasa unajua kwamba Inga alikuwa akipiga mluzi kanisani. Akina mama wameacha kuwakanya binti zao kwa jina lake.

Alma bado anakuja Jumatatu. Ngazi nimemkataza, kwa hiyo mimi ndiye nateremsha majuzuu, na la 1969 limeanza kuchanika mgongo kama wenzake. Anakunywa kahawa yake kimya. Akiimaliza ananiuliza, bila kuniangalia:

"Zimerudi zote?"

"Kumi na moja, Bi Alma."

"Na yangu?"

Mimi naijua kona ile nyeupe, na yeye anajua kwamba naijua.

"Yako haijarudi," namwambia.

"Basi ameipata," anasema, na anavaa miwani kuitafuta Jumatano.